Kikao Kilichomsubiri Kobe

Mwaka ule mawingu yalikuja kuchungulia tu, kisha yakaenda zao. Masika ikapita kavu, vuli nayo ikapita, na mbuga ya Kiwambo ikabakiwa na dimbwi moja lililozidi kunywea kila kukicha. Simba, mfalme wa mbuga, akaita kikao ili wanyama waamue pa kuchimba kisima. Kikao cha kwanza hakikuzaa kitu. Cha pili vilevile. Baada ya cha tatu, Sungura alirudi kwake na koo kavu na hasira za mtu aliyefanya kazi nyingi bure.

Sungura ndiye aliyeendesha vikao. Kazi hiyo alipewa kwa sababu ya ulimi wake mwepesi, na mwenyewe hakuona mwingine wa kumfikia. Kwa maoni yake, makosa yote yalikuwa ya wenzake. Mfalme alifungua kila kikao kwa kuwataja babu zake mmoja mmoja, na vita walivyopigana, hadi jua likafika utosini. Kanga na dada zake sita walisema wote kwa pamoja, wameulizwa au hawakuulizwa. Digidigi alijikunyata nyuma kabisa, miguu ikimtetemeka, na tangu vikao vianze hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake. Mzee Kobe naye alifungua kinywa wakati wengine wameshaanza kujipangusa vumbi.

Mmoja tu alitoka kwenye vikao hivyo akichekelea, naye ni Fisi. Huyo hakuwa na rai yake mwenyewe. Simba akinguruma, aliitikia kwamba hayo ndiyo maneno. Kanga wakipinga, aliitikia kwamba hayo nayo ni maneno. Mwishoni, kila mmoja akiwa hoi, husimama akatangaza kwamba wamekubaliana: mpaka patakapopatikana pa kuchimba, yeye ataendelea kulilinda dimbwi. Huuliza nani anapinga, na watu wakikaa kimya, husema kimya ni kukubali. Basi kikao kikavunjika, na mlinzi akaenda kuwagawia wenzake maji, kila mmoja jani moja lililokunjwa.

Siku ya pili baada ya kikao cha tatu, Sungura alimkuta Mzee Kobe njiani. Mzee alikuwa bado hajafika kwake kutoka kikaoni. Sungura akamwamkia shikamoo, akataka kupita, lakini marahaba ya Kobe huchukua muda wake, na si adabu kumwacha mkubwa katikati ya marahaba. Akasubiri. Marahaba ikafika. Kobe akaanza jambo jingine, polepole, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwonyesha umahiri wake, Sungura akamwacha aendelee.

"Mwanangu," Kobe alisema, "juzi nilisema 'chini ya'. Ukanimalizia."

Sungura alikumbuka vizuri. Kobe alisema "chini ya", akanyamaza kutafuta neno, naye akadakia kwamba chini ya uongozi wa mfalme wao hakuna kitakachowashinda. Simba alifurahi, Fisi akapiga makofi, na Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba.

"Ulitaka kusema nini, mzee wangu?"

Kobe akatafuna hewa kidogo. "Chini ya mkuyu wa bondeni. Udongo wa pale una ubaridi. Nyinyi mnapita kwa miguu, mimi napita kwa tumbo. Vikao vyote vitatu nimelianza neno hilo. Kila mara naishia kwenye 'chini ya'."

 Sungura aliwakumbuka watoto wa Digidigi aliowaona asubuhi wakilamba mawe ili wapate umande. Kiu yote ile, na maji yamo kwenye sentensi aliyoikata yeye mwenyewe. Akaomba radhi, na akamwomba mzee asiendelee kwenda nyumbani, bali ageuze pale pale na kuanza safari ya kikao kijacho, huku akiyapanga maneno yake njiani.

Kisha akaenda kwa Digidigi. Mama huyo alimwambia wazi kwamba mbele ya meno ya mfalme hawezi kusimama, hata akipewa mbuga nzima. Sungura hakumshurutisha. Aliinamisha sikio lake moja, akamwambia amimine neno lake humo, yeye atalibeba. Digidigi akanong'ona jambo, na sikio likasimama lenyewe.

Kwa Kanga alikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Aliwataka wateue msemaji mmoja, wakazozana nani awe. Mwishowe wakakubali kupeana zamu, mmoja aseme na wengine waparue ardhi.

Aliyebaki ni Simba, na mfalme haambiwi anyamaze. Sungura akamweleza kwamba barua hupigwa muhuri mwisho. Neno la mfalme ni muhuri. Likitangulia, wengine wataandika wapi? Simba aliligeuza hilo kichwani, akaona heshima yake imeongezeka, akakubali kusema mwisho.

Fisi hakuambiwa lolote.

Kikao cha nne kilipokaa, Sungura alifungua kwa maneno machache, jambo lililowashangaza wengi. Kisha akamtaka mlinzi wa dimbwi awe wa kwanza kueleza kwa nini maji yanapungua upesi hivyo.

Fisi akasimama. Hakuzoea kutangulia. Alimtazama Simba ajue upepo unaelekea wapi, na Simba amekaa kimya kama muhuri. Aliwatazama Kanga, akaona migongo tu, wanaparua ardhi. Ikambidi aseme la kwake. Alisema ni jua. Akaona halitoshi, akaongeza kwamba yeye mwenyewe hunywa jani moja kama wote, na kwa kuyaheshimu maji ya umma hajawahi hata kuyatia unyayo.

Sungura akasema anao ujumbe wa mmoja asiyependa kusimama. Kila adhuhuri, wenzake wanapolala kivulini, mlinzi hulala ndani ya dimbwi, maji yakamfika shingoni, na hunywa hapo hapo alipolala.

Kabla Fisi hajajibu, Kanga mwenye zamu aliinua kichwa. Alisema peke yake, na kwa mara ya kwanza kila mtu alimwelewa: wao pia wamemwona.

"Mbona hamkusema?" Simba akauliza.

"Tulisema, mfalme, kila kikao. Ila tulisema sote."

Simba akamwamuru Fisi ageuke. Tope lilikuwa limemkauka mwilini, limepasuka vipande vipande, kuanzia tumboni hadi shingoni. Fisi akacheka kile kicheko chake, akawageukia wenzake. Alisema ndugu hawagombani kwa tope, na kwamba walikwisha kukubaliana yeye ndiye mlinzi. "Au yupo anayepinga?"

Pakawa kimya. Fisi akavuta pumzi amalizie.

"Mimi," sauti ndogo ikatoka nyuma.

Wote wakageuka. Digidigi alikuwa amesimama. Miguu ilimtetemeka, lakini alikuwa amesimama.

Fisi akakaa chini, na neno lake la kufungia likamfia mdomoni. Ndipo ikaja zamu ya Mzee Kobe. Alianza, akanyamaza. Sungura alilijua jibu, ulimi ukamwasha, akajikalia mikono ili asidakie. Kimya kikawa kirefu hata Kanga mmoja akataga yai. Lakini hakuna aliyeondoka, na Kobe akalifikisha neno lake mpaka mwisho: mkuyu, ubaridi, na mahali hasa pa kuanzia.

Simba akapiga muhuri. Wataenda mkuyuni sasa hivi. Na kwa kuwa Fisi ana makucha mazuri na mwili ulioshiba maji, atachimba wa kwanza na kunywa wa mwisho.

Siku ya tatu udongo ulibadilika rangi, na kabla ya jioni maji yakabubujika. Watoto wa Digidigi walikunywa hadi wakapata kwikwi. Mfalme, akiwa na furaha, akaanza kuwataja babu zake, na wote wakamsikiliza, maana si vigumu kumvumilia mtu ukiwa umekunywa. Fisi alikaa pembeni akingoja jani lake.

Hapo Sungura akakubali walilosema wahenga: kimya kingi kina mshindo mkuu.