Mtama wa Mama Nyamisi

Hapo zamani, si ile zamani ya nyuma mliyoizoea bali ya mbele, ile ambayo wajukuu wa wajukuu wetu wataisimulia kana kwamba ilikuwa juzi, walikuwako ndugu watatu wa tumbo moja. Mkubwa alikuwa mwanamke, jina lake Nyamisi. Wa pili alikuwa mwanamume, jina lake Magesa. Kitinda mimba alikuwa msichana, na jina lake la ubatizo hakuna aliyelitumia, kwani tangu anatambaa aliitwa Kadogo.

Mama yao, Mama Nyamisi, alilima mtama, na nyumbani kwake kulikuwa na desturi moja isiyochezewa. Mvua ikikaribia, hakuna mtoto aliyetia mbegu ardhini kabla ya mkubwa wake. Atie mkubwa, afuate wa pili, amalizie mdogo. Mkubwa akiwa na homa, atabebwa hadi shambani, atadondosha punje moja, atarudishwa kitandani. Mdogo akimtangulia mkubwa, mtama huo hauliwi. Msiniulize kwa nini. Ninyi nanyi mnayo ya kwenu msiyoweza kuyaeleza.

Siku zile watu walikuwa wameiona nchi mpya, mbali sana, kupita nyota nyingi. Safari ya kwenda huko ilikuwa ndefu kuliko umri wa mtu. Ukipanda chombo kijana, utazikwa njiani. Basi madaktari wakaenda ziwani kumtazama kamongo, yule samaki ambaye dimbwi likikauka hujizika kwenye tope, akapunguza pumzi, akalala bila kula wala kunywa mpaka mvua irudi. Wakasema, samaki anaweza, mtu ashindwe na nini? Wakatengeneza dawa, wakatengeneza vitanda vyenye vifuniko vya kioo. Moyo upige polepole, damu ipoe, miaka ipite na aliyelala asizeeke. Watu wakauita usingizi wa kamongo.

Kilichobaki kilikuwa kumpata wa kulala wa kwanza, maana kulala kila mtu aliweza, ila kuamka hakuna aliyekuwa na hakika nako. Madaktari wakatangaza kwamba atakayekubali kujaribiwa, yeye na nduguze watapata nafasi chomboni. Watu wakaangaliana, wengine wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Nyamisi akaenda.

Akalala misimu miwili ya mvua. Alipoamka aliomba uji, akaonja, akauliza mbona haujatiwa sukari. Ulikuwa umetiwa. Wakaongeza sukari, wakaongeza ndimu, wakamjaribu hata kwa chumvi. Ulimi wake ulikuwa umebaki usingizini, na tangu siku hiyo chakula chote kwake kilikuwa na ladha ya maji. Lakini nduguze walipata nafasi.

Siku ya kuondoka, Mama Nyamisi hakupanda. Alisema amezoea kaburi la mumewe. Akamkabidhi Nyamisi kibuyu cha mbegu za mtama, akamwambia mbele ya wenzake, "Mwanangu, mkubwa ndiye atakayetia punje ya kwanza huko. Akishatia, nyumba ni yake, ndiye mama, ndiye baba. Na huyu Kadogo, nakuachia wewe." Nyamisi alilia bila kujificha. Kisha wakapanda, wakalala.

Chomboni wote walilala isipokuwa mmoja wa zamu. Huyo hukaa macho muda wake, akaangalia vitanda na mitambo, kisha humwamsha mwenzake, yeye akarudi kulala. Dawa ilikuwa imepimwa vizuri, ya kila mtu na ziada kidogo.

Ikafika zamu ya Kadogo. Akachukua punje chache kibuyuni, akazifunga kwenye kitambaa kibichi kama alivyomwona mama yake akifanya, aone kama zitachipua. Ikachipua moja. Akajaribu tena, haikuchipua hata moja. Mbegu zilikuwa zinazeeka, kwa sababu hakuna aliyezivumbulia dawa ya kamongo. Akamwamsha Magesa, ambaye ndiye aliyejua kilimo.

"Kaka, mtama unakufa."

Magesa akatazama. Akasema wachukue udongo waliokuja nao, wautie kwenye makarai chini ya taa, wapande zilizobaki na uhai, wavune mbegu changa. Wakajaza makarai, wakamwagilia maji.

"Haya, tia," akasema Kadogo.

Magesa akaukunja mkono. "Nitie mimi kabla ya dada?"

"Kaka, hapa si shambani. Hapa tuko katikati ya nyota."

"Udongo ni udongo. Unataka tufike na mtama usiolika?"

Nanyi mnaocheka, subirini. Kumwamsha Nyamisi hawakuweza. Madaktari walikuwa wamesema mwili wake umeshajaribiwa vya kutosha. Ataamshwa mara moja tu, mwisho wa safari, na akiamshwa katikati hatalala tena ila kufa. Basi wakafungua kifuniko chake akiwa amelala. Magesa akaweka punje moja kwenye kiganja kile cha baridi, Kadogo akashikilia karai chini yake, wakakigeuza kiganja. Punje ikadondoka. Nyamisi hakujua lolote. Akafuata Magesa kutia, akamalizia Kadogo.

Lakini joto lilikuwa limeingia kitandani. Kumrudisha Nyamisi kwenye ubaridi wake kukala dawa nyingi, ziada yote na zaidi ya ziada. Iliyobaki ingemlaza mmoja kati ya wale wawili. Walilijua siku ileile na hawakulisema. Wakalima makarai yao, wakavuna, wakapanda tena, msimu baada ya msimu, mpaka mbegu zikapata nguvu na Magesa akaota mvi kidevuni. Hapo ikabidi waseme.

"Lala wewe," akasema Kadogo. "Kule itatakiwa mikono ya kulima, na mkulima ni wewe."

Magesa akakataa. Kadogo akasema tena, na mara ya pili Magesa hakukataa.

Kadogo akabaki. Ilipofika zamu ya mwingine hakumwamsha, wala aliyefuata. Alisema, kwa nini nimtoe mtu usingizini apoteze miaka yake, na mimi nipo macho? Zamu zote zikawa zake. Alipowasha taa, hiyo ndiyo aliyoiita asubuhi, na kila asubuhi alikwenda kwenye kitanda cha Nyamisi, akafuta kioo kwa upindo wa kanga, akasema, "Shikamoo, dada." Akangoja kidogo. Kisha akaenda kumwagilia mtama. Akaishi hivyo ujana wake, na utu uzima wake, na uzee ukamkuta humo.

Chombo kikafika.

Nyamisi akafumbua macho. Juu yake alimwona bibi mwenye nywele nyeupe, ameshika bakuli la uji. Nyamisi alikuwa amelelewa vizuri, na adabu ikawahi kuamka kabla ya akili.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akaitikia, "Marahaba." Magesa alikuwa pale, na watu wengine walioamshwa, na wote walisikia.

"Mdogo wangu yuko wapi?" akauliza Nyamisi. "Anaitwa Kadogo."

Bibi akamwambia, "Kunywa uji kwanza." Alipomsogezea bakuli, Nyamisi akaona kovu kwenye kidole gumba. Kadogo aliungua pale na sufuria ya mama yao, siku ambayo Nyamisi alikuwa ameachiwa kumwangalia, akasinzia. Akaujua mkono. Akajifunika uso kwa shuka, akalia mpaka watu wakatoka nje. Alikuwa ameachiwa mtoto amtunze, akalala, na mtoto amezeeka peke yake.

Ile nchi ilikuwa na udongo mwekundu na mvua ya msimu mmoja tu. Usipopanda mvua ikianza, utangoja mwaka. Na mbegu za nyumba nyingine zote zilikuwa zimefia vibuyuni, kwa hiyo watu wote wa chombo, wakubwa kwa watoto, walikuwa wanauangalia mtama wa Mama Nyamisi. Wingu likaanza kujikusanya. Nyamisi akachukua kibuyu na jembe, akaenda shambani. Magesa akamzuia.

"Dada, wewe umeshatia."

"Nimetia lini?"

Akamweleza habari za kiganja na karai. "Desturi ni mkubwa aanze. Mkubwa ulianza, kwa mkono wako, na mimi ndiye niliyehakikisha hukurukwa. Bila mimi kungekuwa na mtama huu? Zamu yako imepita. Anayefuata ni mimi."

Nyamisi akautazama mkono wake kana kwamba umemwibia. "Huo ulikuwa mkono, haukuwa mimi," akasema. "Aliyelala hapandi. Aliyelala haoi, hauzi, haapi. Yaliyofanywa usingizini mwangu si yangu."

Kadogo alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya shamba. Akasema kwa sauti ya taratibu, "Dada, kama yaliyofanywa usingizini mwako si yako, na miaka uliyolala si yako."

Nyamisi akageuka.

"Umeishi miaka ya msichana," akasema Kadogo. "Magesa amekupita kidogo. Mimi nimewapita wote. Nimeupanda mtama ule kwenye makarai mara nyingi hata mama hajapanda hivyo. Mkubwa ni nani hapa? Tena mbele ya watu uliniamkia, nami nikaitikia."

"Nilikuamkia sikujui. Nilikuwa na usingizi."

"Sasa usingizi umekuwa wako?"

Watu waliokuwa wamesimama pembeni wakacheka, kisha wakaona aibu kwamba wamecheka. Nyamisi alihisi hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Nyumba hii aliinunua kwa ulimi wake. Mtama ukivunwa, wote watasifu utamu wake, na yeye atatafuna maji. Kilichobaki chake ni neno la mama, kwamba yeye ni mkubwa. Wakimnyang'anya hilo, aliamka afanye nini?

"Mimi nilitoka tumboni kwanza," akasema. "Nilikwenda kwa madaktari peke yangu nyinyi mkiwa mmejificha nyuma ya mama. Nisingelala mimi, nani angelala? Mngekuwa mmezikwa kule kando ya baba. Mama alinipa kibuyu mimi, mbele yenu. Kama Kadogo amezeeka, amezeeka akiwa mdogo wangu."

"Amezeeka kwa sababu ya kufungua kitanda chako," akasema Magesa.

"Nani alifungua?"

Magesa akasema, "Nilifungua ili usirukwe." Na hiyo nayo ilikuwa kweli.

Ngurumo ikapita mbali. Wazee wa nyumba nyingine wakaanza kukohoa, kikohozi kile cha kuhimiza. Nyamisi akaliacha jembe, akaenda kuketi karibu na Kadogo pale kwenye jiwe.

"Niambie kitu kimoja," akasema. "Siku ile nilipoamka, ulijua kwamba sijakutambua. Kwa nini hukusema, dada, ni mimi Kadogo? Kwa nini uliitikia? Ulizoea?"

"Ningezoea wapi?" akasema Kadogo. "Kule nyumbani nilikuwa mdogo wa wote, nilikuwa wa kuamkia, si wa kuamkiwa. Chomboni wote mlilala. Nilikuamkia kila asubuhi, dada, kila asubuhi, na hukuitikia hata moja. Halafu ukafumbua macho, na wewe ndiye ukaniamkia. Marahaba ile ndiyo ya kwanza niliyoitoa maishani mwangu. Nilitaka kuisikia inavyokuwa mdomoni."

Nyamisi alimshika mkono wenye kovu, akaubakisha magotini mwake.

"Sitafika msimu mwingine," akasema Kadogo. "Nataka kutia kwenye ardhi yenye mvua, mara moja. Lakini mtama wa nyumba yetu nataka uliwe. Nikikutangulia nawe ndiye mkubwa, nimewaua watu wote hawa kwa njaa."

"Na mimi nikikutangulia nawe ndiye mkubwa?"

"Ni hivyo hivyo."

Magesa alikuwa ameliokota lile jembe, amesimama nalo. Hakuliweka chini.

Tone la kwanza likadondoka kwenye kiganja cha Nyamisi, kile kile kilichopanda kikiwa usingizini. Watu wote wakamtazama. Kibuyu kilikuwa kimefunguliwa, na udongo ulikuwa umeanza kunukia.

Haya, wenzangu, mimi hapa nanyamaza, maana mvua haitanisubiri nimalize. Yuko aliyezaliwa kwanza, akautoa ulimi wake ili wenzake wasafiri. Yuko aliyeokoa mbegu na hakukubali kumruka dada yake, na kwa ajili hiyo mwingine akazeeka. Yuko aliyekesha maisha yake yote, akaamkiwa mara moja tu. Mmoja wao atangulie, na mvua ndiyo hiyo.

Je, nani alistahili kutia punje ya kwanza?