Ini la Mbuzi wa Shukrani

Tegeni masikio, lakini msijibu mpaka nimalize. Nina watu watatu na ini moja, na mimi mwenyewe limenishinda.

Kadeghe alijaliwa upendo, ingawa sindano alikuwa akiikimbia tangu utotoni. Nakijwa alijaliwa uthabiti: akisema saa mbili, ni saa mbili. Bi Shufaa wa maabara alijaliwa jicho lisilokubali kitu kabla ya kukichunguza.

Ini la Mwalimu Senzia, kaka yake Kadeghe, liliharibika. Madaktari wakasema asipopata kipande cha ini la ndugu, hamalizi mwezi. Kadeghe akajilaza mezani meno yakigongana, akapasuliwa, akatoa zaidi ya nusu ya ini lake.

Nakijwa, mke wa Mwalimu, akakabidhiwa dawa za kuuzuia mwili usilikatae ini geni. Asubuhi na jioni, hakupitiliza hata dakika. Siku ya tisa macho ya mumewe yakawa manjano.

"Mama, unasahau dawa," daktari akafoka. "Kwenye damu ni kidogo mno."

"Haki ya Mungu, sijasahau hata mara moja!"

Nani amwamini? Hata mawifi walianza kunong'ona. Nakijwa aliogopa mpaka chakula kikamshinda, lakini kauli yake hakuibadilisha.

Bi Shufaa peke yake alimwamini. Akachukua damu ya ndugu wote wawili, akapima vinasaba, yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Kumbe ini la Kadeghe lilizaliwa na pupa! Dawa inayowatosha wengine, lenyewe huivunja kabla haijafanya kazi. Dozi ikaongezwa, macho yakarudi meupe.

Mwalimu akarudi nyumbani, mbuzi wa shukrani akachinjwa. Kwao, ini la mbuzi huyo hupewa mtu mmoja tu, yule aliyeokoa, na ni mwiko kuligawa.

"Mpe shemeji," Kadeghe akasema, macho chini. "Langu lilitaka kukuua, kaka."

"Bila lako ningekuwa mjane," Nakijwa akajibu. "Apewe Bi Shufaa."

"Mimi? Kama mama huyu angekiri kosa lisilo lake, ningepima nini?"

Mwalimu ameshika sahani. Wote watatu wanamchungulia macho kama yana umanjano, maana daktari ameonya kwamba mwili waweza kulikataa ini siku yoyote.

Je, wewe ungempa nani? Amua upesi. Ini linapoa, na saa ya dawa imekaribia.