Mawifi Watatu na Nyumba ya Misufini

Haya, sogeeni. Mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii imeshawagombanisha watu waliokula sahani moja.

Walikuwapo dada watatu, watoto wa mama mmoja, katika mji wa Kilambo. Mkubwa, Mwantumu, alijaliwa miguu: njia aliyoipita mara moja hakuisahau, wala kuchoka hakukujua. Wa kati, Siwema, alijaliwa ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Wa mwisho, Chausiku, alijaliwa mkono: kijiti alichokichomeka ardhini kilichipua, hata akikichomeka kwa hasira. Jambo moja tu hawakujaliwa, nalo ni kukubaliana.

Kaka yao aliitwa Shomari, msuka viti, haoni tangu utotoni. Mkewe, Zawena, alikuwa mkunga. Kule walikokuwa wakiishi, Shomari alikwenda sokoni peke yake na fimbo yake, akasuka viti vyake, akarudi na samaki mkononi. Aliyemshika mkono bila kuulizwa alimkoma. Kisha Zawena akapata uhamisho wa kwenda hospitali ya Kilambo, mimba ikiwa changa.

Kwa haraka ya kuwahi kazini, alipanga nyumba ya kwanza aliyoonyeshwa na dalali, kando ya barabara kuu. Vyumba vikubwa, maji ndani, rangi mpya. Nyumba nzuri, kwa mwenye gari. Shomari alipotoka mara ya kwanza, lori lilipita na fimbo yake, akabaki ameshika kipande. Hakutoka tena. Zawena akirudi kazini alimkuta kwenye mkeka ule ule aliomwacha asubuhi, chakula hakijaguswa.

"Mke wangu," alimwambia, "mimi sasa ni kuku wa kufungwa kamba mguuni."

Zawena alilia jikoni ili asimsikie. Yeye ndiye aliyemleta Kilambo, na alimwona mumewe anakwisha mbele ya macho yake. Akawaita mawifi zake. Wakaja wote, na kabla chai haijapoa Shomari akasema neno ambalo mwanamume mwenye dada watatu hapaswi kulisema mbele yao wote.

"Atakayenirudishia miguu yangu, mtoto huyu atachukua jina lake. Atakuwa somo yake."

Zawena alimfinya, lakini alichelewa. Mawifi walikuwa wameshatazamana.

Mwantumu akauzunguka mji mtaa kwa mtaa. Kila mtaa uliompendeza aliurudia amejifunga kanga machoni, fimbo mkononi. Watoto walimfuata wakimcheka, na watu wazima walidhani amepandwa na shetani. Mtaa mmoja ulimtumbukiza mtaroni, mwingine bodaboda zilimkosakosa. Alirudi goti limechubuka.

"Misufini," alisema. "Soko, msikiti, hospitali ya wifi, kote huko unafika bila kuvuka barabara kuu. Mitaro imefunikwa. Ila upande wa juu mtaa unaishia korongoni. Asiupite mlango wake tu."

Tatizo, Misufini nzima ilikuwa na nyumba moja tu iliyo tupu, ya mwisho kabla ya korongo, mali ya mjane, Bi Hidaya, naye alikuwa ameapa kwamba hapangishi tena. Madalali aliwafukuza kwa maji ya kuoshea vyombo. Siwema akaenda akaketi barazani pake, akavuta ungo, akamsaidia kuchambua mchele. Nyumba hakuitaja. Walizungumza maumivu ya miguu, wakazungumza wakwe wasio na shukrani, mpaka wakafika kwa marehemu mume wa Bi Hidaya na kiti chake kilichotoboka, ambacho hakijakaliwa tangu azikwe.

"Nina kaka yangu anasuka viti," alisema Siwema, kama mtu aliyekumbuka tu. "Hana pa kukaa, maskini."

 Bi Hidaya akaingia ndani, akatoka na kiti mkono mmoja, ufunguo mkono wa pili.

Siku ya kuhamia, Chausiku alikuja na mche wa mrihani kwenye kopo, akauchimbia pembeni mwa kizingiti.

"Wenzio tunaleta nyumba, wewe unaleta jani," Siwema akamcheka.

"Cheka, meno ni yako."

Mrihani ukashamiri, mimba nayo ikakua. Mwantumu alimfundisha kaka yake njia, wakaenda na kurudi, mpaka siku moja Shomari akasimama mlangoni na fimbo mpya, akamwambia mkewe:

"Leo nakwenda kuswali alasiri peke yangu. Usinifuate, wala usiniite. Ukiniita, nitajua siwezi."

Zawena akaapa, na alipokwisha kuapa akajuta.

Mvua ikaanza watu wakiwa bado msikitini. Zawena alisimama dirishani, mkono tumboni. Nyumba za Misufini ni za safu, milango yote sawa, na Shomari aliihesabu kwa fimbo. Zawena alimwona anakuja, taratibu, mlango kwa mlango. Mara jirani mmoja akamsalimia kutoka barazani. Nanyi mnajua salamu zetu: habari za nyumbani, habari za mke, habari za mvua, na huwezi kumkatiza mtu. Walipoagana, hesabu ya milango ilikuwa imeshampotea.

Shomari akaupita mlango wake. Mbele yake hapakuwa na kitu ila korongo, na maji yalikuwa yakinguruma. Zawena akafungua mdomo, akauziba kwa pindo la kanga. Akimwita, amemwokoa na amemfunga kamba mguuni tena. Asipomwita, je? Shomari akapiga hatua, kisha nyingine. Zawena aliona roho inamtoka.

Shomari akasimama. Akainua uso mvuani, akanusa. Mrihani ulioloa hunukia kupita kiasi, na harufu ilikuwa nyuma yake. Akageuka, akarudi, akakigusa kizingiti kwa fimbo.

"Hodi!" alisema huku akicheka.

Zawena alilia kwa sauti, na safari hii hakujali nani anasikia.

Siku si nyingi akajifungua mtoto wa kike. Kwao, siku ya saba mtoto hunyolewa nywele za tumboni, na anayempakata wakati wa kunyolewa ndiye somo yake. Akishawekwa mapajani, jina limetoka, halirudi. Asubuhi hiyo mawifi waliketi mkekani bega kwa bega, kanga mpya, kila mmoja ametengeneza mapaja yake.

"Bila goti langu hili," alisema Mwantumu, "kaka angekuwa chini ya lori, nasi tungekuwa matangani."

"Mtaa bila ufunguo ni wa kupita tu, dada," alisema Siwema. "Ungemlaza wapi, barabarani?"

"Na alipoupita mlango," aliuliza Chausiku polepole, "miguu yenu na ndimi zenu zilikuwa wapi?"

 Bi Hidaya, aliyekalia kiti cha marehemu kilichosukwa upya, akajaribu kupatanisha. "Basi apewe majina yote matatu."

"Hapana!" wakasema kwa pamoja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza dada wale kukubaliana.

Zawena akamgeukia mumewe. "Sema wewe. Wewe ndiye uliyeahidi."

Shomari akakohoa. "Niliahidi mimi, kweli, na ahadi ni deni. Lakini siku ile aliyeona ni wewe."

Basi Zawena amesimama na mtoto mikononi. Miguu ndiyo iliyoupata mtaa, ulimi ukaupata ufunguo, mkono ukaurudisha uhai mlangoni. Anampenda kila mmoja, na anamwogopa kila mmoja. Tena Misufini ni karibu na kila mahali: atakayenyimwa atafika hapa kwa miguu kesho, na keshokutwa, na siku zote. Nywele za mtoto zimeshaloweshwa, wembe uko tayari, na mikono sita imenyooshwa.

Je, wewe unayesikiliza, mtoto angekuwa mikononi mwako, ungemweka kwenye mapaja ya nani?