Bomba Moja la Nambururu

Hapo zamani, wala si zamani sana maana simu za kupiga picha zilikwisha kuingia, kijiji cha Nambururu kilikuwa na bahari nzima mbele yake na hakikuwa na maji ya kunywa. Kisima kirefu kisichofikiwa na kamba ya ndoo kilikuwapo, kimechimbwa na kujengewa ukingo, ila pampu ya kuyavuta maji haikuwapo. Wanawake waliteka mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Mmoja wao alikuwa Somoe, mkulima wa mwani. Mama yake Somoe alikuwa amepooza upande mmoja, hana budi kuogeshwa asubuhi na jioni. Hesabuni wenyewe hizo ndoo, mimi shingo inaniuma hata kusimulia.

Siku ikafika, pampu ikaja. Ilikuja kwa boti, ndani ya sanduku la plastiki, pamoja na mgeni rasmi. Mtu mwenye akili angeteremsha pampu kwanza, hotuba baadaye. Lakini mpiga picha alisema ufukweni kumeanikwa mwani, picha itachafuka, twendeni kule mwambani maji yanakopendeza. Somoe akachaguliwa kupokea kwa niaba ya akina mama, kwa sababu khanga yake ilikuwa mpya. Wakasimama botini, mgeni rasmi akashika sanduku upande huu, Somoe akashika upande ule.

"Mama, tabasamu! Punga mkono kidogo!" akasema mpiga picha.

Somoe akapunga. Mgeni rasmi naye, kuona mwenzake anapunga, akapunga.

Chubwi!

"Msiwe na wasiwasi," akasema mgeni rasmi, huku anajifuta maji usoni. "Pampu hii imetengenezwa kukaa majini." Boti ikamrudisha alikotoka, akapanda gari lake akaenda zake. Picha ilitoka nzuri sana.

Lawama yote ikamwangukia Somoe. Kule mtoni alipofika na ndoo yake, wenzake walisogea wakasema, "Mpisheni, mpisheni, apunge mkono." Alicheka nao kwa nje, moyoni akiungua kwa aibu.

Serikali ya kijiji ikakaa kikao. Mtendaji akaandika kwamba chombo chochote kilichosajiliwa kisisogelee eneo la tukio mpaka taarifa ikamilike. Chai ikanywewa, kikao kikaahirishwa. Wiki ya pili kikao kikakaa, chai ikanywewa, kikao kikaahirishwa. Wiki ya tatu, labda chai ilikuwa kali, wakaamua: atakayeitoa pampu, bomba la kwanza lifungwe mlangoni kwake. Na bomba lilikuwa moja tu. La pili lilikuwa kwenye mpango wa miaka mitano.

Bomba mlangoni! Somoe aliposikia hivyo alikwenda moja kwa moja kwa Shaweji, mzamiaji wa majongoo ya bahari, mtu pekee pale kijijini mwenye mtungi wa hewa.

"Kaka Shaweji, pampu iko pima kumi tu."

"Najua iliko, dada. Lakini mtungi huu ni mzito. Nikiogelea nao kutoka ufukweni, nguvu na hewa vyote vinaniishia njiani. Nahitaji kitu cha kunifikisha, na boti zote zimezuiwa."

"Zimezuiwa zilizosajiliwa," akasema Somoe.

Wakatazamana. Wakaenda kwa Mzee Chande.

Mzee Chande alikuwa mlinzi wa nyumba ya wageni, na mgeni mmoja alimwachia kayaki ya kujaza upepo, ile inayokunjwa ikaingia mfukoni, ukiikanyagia upepo inavimba na kuwa mtumbwi wa watu wawili. Kila Ijumaa Mzee Chande aliijaza na kuiweka barazani, watu wapite waione, wasimame, wamuulize habari zake. Mtendaji akaitwa kuikagua. Akaibonyeza kwa kidole, akazunguka, akabonyeza tena.

"Hiki si chombo," akasema. "Hili ni godoro. Nendeni."

Hapo ndipo Mzee Chande alipofanya kosa ambalo mtu wa Nambururu tu ndiye angelifanya. Kule chombo hakiingii majini bila kupakwa mafuta ya papa, mbao zisinywe maji. Babu yake alipaka, baba yake alipaka. Mzee Chande akachukua kopo zima akaipaka kayaki yake juu na chini, na kwenye viungio akarudia mara mbili, kwa mapenzi. Basi mbao hupenda mafuta ya papa, gundi haiyapendi. Asubuhi yake Shaweji aliona ukingo wa kiraka kimoja cha zamani ubavuni mwa kayaki umeanza kunyanyuka. Akaukandamiza kwa dole gumba, akanyamaza. Akisema, safari itaahirishwa, na yeye alikuwa amechoshwa na kuahirishwa.

Wakaondoka, Shaweji mbele na mtungi wake, Somoe nyuma na kafi. Mzee Chande alibaki ufukweni na filimbi ya ulinzi, kazi yake ilikuwa kupiga akiona hatari. Na niwaambieni jambo: Somoe hakujua kuogelea. Mkulima wa mwani hufanya kazi kwenye maji ya magoti, kuogelea kwa nini?

Kufika mwambani, Shaweji akajitosa, akavaa mtungi akiwa majini, akajifunga kamba ya kayaki kiunoni isije ikachukuliwa na mkondo. Kamba ya pili akashuka nayo mkononi akafungie sanduku, ncha nyingine akamwachia Somoe. Mapovu yakapanda, kisha Somoe akabaki peke yake na bahari.

Psssss.

Kiraka kimebanduka! Akakiziba kwa kiganja. Psssss, kiungio cha pembeni nacho. Akakiziba kwa kiganja cha pili. Kamba ikavutwa mara tatu kutoka chini: ndiyo ishara, vuta! Avute kwa mikono ipi? Somoe akajisogeza, akayakalia matundu yote mawili, akajikandamiza kwa uzito wote aliojaliwa na Mola, akavuta. Alivuta analia, alivuta anaomba dua, mpaka sanduku likatokea na akaliingiza ndani.

Shaweji akaibuka, akakuta kayaki imejikunja katikati na maji yanamfika Somoe kiunoni.

"Dada Somoe, inazama! Itupe pampu, uokoke!"

"Siitupi! Niliitupa mara moja, inatosha!"

Shaweji akamtazama. Kayaki haikuweza kubeba mtungi na pampu pamoja, na mtungi mgongoni ulimvuta chini, hawezi kusukuma. Aliuchuma mtungi ule kwa miaka minane. Akafungua mkanda, akauachia ukazama, akaanza kusukuma. Somoe akapiga kafi bila kuinua makalio hata kidogo. Kule ufukweni Mzee Chande alipiga filimbi mpaka pumzi ikamwishia, akaona kayaki yake inasinyaa mbele ya macho yake, akaingia majini na sare yake ya ulinzi mpaka kifuani, akawavuta. Walipofika mchangani, kayaki ikapasuka ubavu wote, basi tena.

Pampu ilikuwa salama ndani ya sanduku lake. Fundi akaja na mpira wa maji na bomba moja, akauliza, "Nifunge wapi?"

"Kwangu!" akasema Mzee Chande. "Bila kayaki yangu mngekuwa mpaka leo mnakunywa chai kikaoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yangu pekee iliyofanya watu wasimame barazani kwangu. Itazameni sasa!"

"Baba, usingeipaka mafuta isingepasuka," akasema Shaweji. "Lifungwe kwangu. Nani alishuka pima kumi? Mtungi wangu uko kule chini, kesho watoto wangu wale nini?"

"Uliona kiraka kimenyanyuka ukanyamaza, nilikuona!" akafoka Mzee Chande. "Ukampandisha mtoto wa watu asiyejua kuogelea!"

"Ndiyo, sijui kuogelea," akasema Somoe. "Nimekalia kifo changu kwa makalio yangu mwenyewe. Nimeambiwa tupa, nikakataa. Lifungwe kwangu, mama yangu aoge."

"Na pampu ilifikaje chini, dada?" akauliza Shaweji kwa sauti ya pole. Nyuma ya watu mwanamke mmoja akanyanyua mkono akapunga. Watu wakacheka, na Somoe akalia mbele yao wote bila kujificha.

Mtendaji akakohoa. "Kwa kuwa nyote mna makosa, kikao kinaona bomba lifungwe mlangoni pa ofisi. Mgeni rasmi keshapiga simu, anakuja kukabidhi tena. Safari hii anataka apigwe picha akinywa."

Wakaanza kugombana upya, wote watatu, na Mtendaji akaagiza chai. Fundi akaukalia mpira wake. Jua lilipoanza kushuka Somoe alijifuta uso, akachukua ndoo, akashika njia ya mtoni, maana mama yake alikuwa hajaogeshwa tangu asubuhi.

Fundi bado amekaa anangoja. Haya, ninyi mliocheka, semeni. Na asiniambie mtu lifungwe katikati ya kijiji, pale katikati ndipo ilipo ofisi ya Mtendaji. Nataka mlango mmoja tu: fundi akagonge hodi kwa nani?