Kitabu Kilichotuliza Lori

Lori kuukuu la tajiri Lyatuu likisimama, injini ilipandisha na kushusha mngurumo kama mimi nikisoma.

Tajiri akaniambia mimi, fundi wake, "Litulize leo, Mashishanga, bila spea hata moja. Ukishindwa, hama gereji yangu."

Nikafungua kitabu. Nimejua kusoma juzi, na mvi zangu hizi.

"Kinasema mwenye gari aubane mpira huu wa hewa, hapa katikati."

Akaubana. Injini ikatulia.

"Kumbe rahisi. Niachie?"

"Ukiachia litarudia, bosi. Dereva anaondoka sasa hivi. Shikilia hivyo hivyo mpaka Singida."

Akanitazama sana, kisha akatuma mtu akanunue mpira mpya.

Ufa wa ule mpira niliusikia kwa masikio, ukifyonza hewa. Kitabu kilikuwa cha ngumbaru, cha kufundishia watu wazima kusoma, ukurasa wa mbuzi. Hata huyo mbuzi sikuwa nimemmaliza.