Udongo Mwekundu wa Mwanakheri

Paukwa!
Pakawa!
Hiyo imesinzia. Paukwaaa!
Pakawaaa!

Haya, kaeni vizuri. Wengine hadithi hii wana mkia wake tu. Mwili mzima ninao mimi.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao, na msikiti wao, na Sultani wao Tembo. Sultani alikuwa na watoto wawili. Kibwana, dume, alikula miwa, akapiga ngoma, akala miwa tena. Mwanakheri, jike, alifanya kazi.

Mwaka mmoja Sultani alikwenda vitani. Huku nyuma jua likawaka, mto ukakauka, kau! Mwanakheri akachimba kisima kwa pembe zake. Udongo mwekundu, udongo mwekundu, siku saba udongo mwekundu. Kisha, chubwi! Maji. Wakanywa watoto, wakanywa wakubwa, yeye akanywa mwisho.

Sultani aliporudi akasema, "Nikifa, kiti ni cha Mwanakheri. Waziri Nyani, umesikia?"

"Nimesikia, Maulana."

Sultani akafa. Masikio ya Nyani yakaziba.

"Jike atutawale? Ijumaa hotuba itasomwa kwa jina la Kibwana. Likisomwa, ndiye Sultani, basi. Na kisima kitakuwa na bawabu. Bawabu ni mimi."

Sasa sikilizeni. Mji ule ulikuwa na desturi yake. Aliyedhulumiwa huvaa nguo nyekundu Ijumaa, akasimama mlangoni pa msikiti. Hotuba haisomwi mpaka asikilizwe.

Nyani aliijua desturi hiyo. Alhamisi akapita nyumba kwa nyumba, akazoa kila kitambaa chekundu. Hata Jogoo, mwadhini, alifungwa kitambaa cheusi kichwani.

"Waziri, hiki ni kishungi changu! Nimezaliwa nacho!"

"Kifunike. Ukikohoa, mchuzi."

Mwanakheri akafungua sanduku lake. Tupu! Akaenda kisimani, akaketi, akalia. Akaja Ngiri kunywa maji.

"Mwana, kulikoni?"

"Sina nguo nyekundu, kaka Ngiri. Kesho wataninyang'anya kiti, na ninyi mtanyang'anywa maji."

Ngiri akajitazama. Matope mpaka masikioni.

"Kwani mimi nimevaa nini?"

Mwanakheri akacheka huku machozi yakimtoka. Akavuta udongo kwa mkonga. Puu! Mgongoni. Puu! Kichwani. Mwekundu, mwekundu, mpaka mkiani.

Ijumaa akasimama mlangoni pa msikiti.

"Hiyo si nguo!" Nyani akapiga kelele.

"Basi nivue, Waziri."

Watu kwa kicheko!

"Ni uchafu! Mchafu mmoja hatusimamishii Ijumaa!"

"Udongo si uchafu," Jogoo akasema. "Maji ya udhu yakikosekana, si ndio tunaotayamamia?"

Mara, tifu, tifu, tifu! Vumbi njia ya kisimani. Ngiri mbele. Pundamilia nyuma yake, milia haionekani. Swala na mtoto wake. Kobe naye, anahema. Wote wekundu.

"Ninyi nani kawadhulumu?" Nyani akauliza.

Swala akamsogeza mtoto wake mbele. "Huyu yupo kwa sababu ya maji ya Mwanakheri. Akidhulumiwa yeye, tumedhulumiwa sisi. Na wewe, Waziri, mwaka ule ulikunywa wapi?"



Jogoo akararua kitambaa. Kokoikooo! Hotuba ikasomwa kwa jina la Mwanakheri.

Kibwana akauliza, "Dada, miwa yangu je?"

"Kula, mdogo wangu."

Kisha Sultani Mwanakheri akapiga magoti mbele ya watu wake. "Nilidhani mlikunywa mkasahau," akasema. "Asanteni. Asanteni sana. Kisima hakitakuwa na bawabu."

Nyani akatoka mbio, akateleza kwenye udongo ule, akakaa, pwata! Ukaganda. Tangu siku hiyo amevaa nyekundu yeye pia, lakini upande ule hakuna anayemsikiliza.

Funzo ni hili: ukitendewa wema, shukrani ya mdomo haitoshi. Siku mwenzako anadhulumiwa, nenda ukasimame naye.

Hadithi yangu naitua hapo. Anayebisha akamtazame nyani kwa nyuma.