Sange Alivyofika Mbeya kwa Mabawa ya Tumbusi

Paukwa!
Pakawa!
Mabawa?
Ya kwake!
Safari?
Ya kwetu!

Haya, kaeni vizuri. Alikuwepo Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mfupi wa mwili, mrefu wa pua, mkazi wa Iringa. Mdogo wake Tusekile alikuwa anaolewa Mbeya, na Sange ndiye kungwi wake. Asipofika, bibi arusi hatolewi ndani.

Akatembea, akatembea, akatembea. Alipoinua pua aone kama Mbeya imekaribia, kumbe yuko Ipogolo, palepale Iringa, chini ya mlima! Akakaa akalia.

Mara, puu! Tumbusi akatua mbele yake.

"Kwa kawaida nangoja mtu afe kwanza," akasema Tumbusi. "Ila leo nina njaa. Samahani."

Moyo wa Sange ukaenda du-du-du-du. Lakini ulimi ukawahi.

"Nile tu, kaka. Ila utakula pua, mimi sina nyama. Wenye nyama wako Mbeya, harusini. Shangazi zangu, kaka! Wakitembea wanatikisika."

Tumbusi akameza mate, gudu! "Wako wengi?"

"Ukoo mzima. Shida ni mwendo. Mbeya ni mbali."

"Mbali kwa nani? Iringa mpaka Mbeya, kwangu ni chafya moja. Panda, unionyeshe nyumba!"

"Na mimi utanila lini?"

"Tukifika. Wewe utakuwa wa kuonjea."

Pa-pa-pa-pa! Wakaifuata barabara juu kwa juu. Sange kafumba macho, kashikilia shingo, tumbo lake limebaki Ipogolo.

Alipofumbua, mabati yanameta chini. Akaliona turubai la harusi, akasikia vigelegele. Mbeya yenyewe!

"Tumefika?" akauliza Tumbusi.

"Wapi! Hii Makambako. Zunguka mlima ule."

Pa-pa-pa-pa! Wakazunguka mlima, wakatokea palepale.

"Tumefika?"

"Bado, kaka. Hii Igawa. Zunguka mlima ule."

"Mbona kama nimeshaiona?"

"Miji yote ina mabati. Ulitaka waezeke maandazi?"

Pa... pa... pa... Wakazunguka tena.

"Tu... me... fika?"

"Hii Chimala. Au umechoka? Kunguru alijitolea kunibeba, nikamwambia hapana, nina kaka yangu mwenye nguvu."

Tumbusi akavimba kwa kiburi. Akazunguka tena. Na tena. Ulimi ukawa unaning'inia kama soksi kwenye kamba.

Sange akamtazama vizuri. "Kaka, hii sasa ndiyo Mbeya. Karibu harusini."

Puuuu! Tumbusi akaanguka katikati ya turubai, chali, mdomo wazi, nguvu ya kuufunga hana. Shangazi wakapiga mayowe.

Sange akashuka, akajipangusa vumbi. "Msiogope, huu ni usafiri wangu. Mto wa bibi arusi umepata manyoya?"

"Bado!"

"Basi njooni mchume."

Nywi! Nywi! Nywi! Wakamnyonyoa kichwa, wakateremka mpaka shingoni. Tusekile akatolewa ndani, ngoma ikapigwa, shangazi wakatikisika kweli. Tumbusi na upara wake wakaondoka kwa miguu.

Ngano yangu imetua. Shukeni mmoja mmoja, msisukumane. Na funzo lake, wanangu, mlishike: msiseme uongo kabisa. Mwongo hafiki mbali. Mwoneni Sange, aliishia Mbeya tu.